Mwanga II: Kabaka aliyepoteza haki ya kuteua machifu wake

Kila tarehe 3 Juni Wakatoliki wa mkoa wa Katavi, kama wenzao duniani kote, huwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake. Mahubiri ya siku hiyo humtaja mfalme aliyeamuru wauawe, kisha humwacha hapohapo. Msikilizaji wetu wa Kasokola aliyekua akizisikia habari hizo anaweza kudhani kuwa Mwanga alikuwa mzee katili aliyekalia kiti chake mpaka kufa. Sivyo. Alipotoa amri ile mwaka 1886 alikuwa kijana wa miaka 18 hivi. Miaka miwili baadaye alikuwa mkimbizi Magu, kusini mwa Ziwa Victoria, katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Na alipokufa uhamishoni mwaka 1903, Buganda ilikuwa na mfalme mtoto, baraza lenye wajumbe 89 na mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza.

Makala hii inaeleza jinsi mambo hayo yalivyofuatana.

Njia iliyopita Tabora

Kwa watu wa Mpanda na vijiji vyake, mahali pazuri pa kuanzia ni Karema. Mapadri Weupe waliojenga misheni pale, kando ya Ziwa Tanganyika, ni wa shirika lilelile lililowabatiza akina Lwanga. Msafara wao wa kwanza uliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1878. Walipofika Tabora waligawanyika. Kundi moja lilikwenda Ujiji, na lingine likaelekea kaskazini na kuingia Buganda Februari 1879. Wale wa Tanganyika walikabidhiwa Karema mwaka 1885, kituo kilichokuwa cha Wabelgiji waliotumwa na Mfalme Leopold wa Pili. Karema walipokea ngome. Buganda walikuta mfalme, na mfalme huyo alikuwa tayari na wageni wengine nyumbani kwake.

Mfalme huyo alikuwa Mutesa wa Kwanza, baba yake Mwanga. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar walikuwa wamemfundisha Kurani, naye alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Mwaka 1877 walifika Waanglikana kutoka Uingereza, kisha wakaja Wafaransa Wakatoliki. Mazungumzo mengi ya dini katika kasri lake yalifanyika kwa Kiswahili, na vitabu vya kwanza vya Kikristo walivyosoma vijana wa kasri vilikuwa vya Kiswahili vilevile. Waliojifunza dini yoyote kati ya hizo waliitwa wasomaji. Mutesa aliwasikiliza wote na hakumalizana na yeyote. Mwaka 1876 Waislamu wengi waliuawa kwa amri yake, baada ya kukataa nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa, kwa maneno mengine nyama ya mfalme. Mashahidi hao wa Kiislamu hawatajwi sana, ingawa walikufa miaka kumi kabla ya Lwanga na kwa kosa lilelile, yaani kumtii mwingine kuliko Kabaka.

Kabaka alikuwa na mamlaka gani?

Hapa tukae kidogo, maana bila jambo hili mengine hayaeleweki. Katika falme nyingi uchifu ulikwenda kwa ukoo, na mtawala wa juu alilazimika kuwavumilia wakuu ambao hakuwaweka yeye. Buganda nayo ilikuwa na koo zenye ardhi na wazee wake. Lakini machifu wakubwa, waliotawala majimbo yaitwayo masaza, waliteuliwa na Kabaka, na Kabaka aliweza kuwaondoa kesho yake. Chifu aliyeondolewa alipoteza ardhi, watu na mara nyingine kichwa. Ndiyo maana familia zilipeleka watoto wao kasrini kutumikia. Kijana aliyembebea mfalme maji leo angeweza kupewa saza baada ya miaka kumi.

Kwa hiyo nguvu ya Kabaka haikuwa jeshi peke yake. Ilikuwa ni ile hofu na lile tumaini kwamba kila cheo kinatoka mkononi mwake. Na vijana waliokuwa wakisoma vitabu kwa siri ndio haohao watumishi wa kasri, waliosubiri vyeo.

Mwanga alirithi kiti Oktoba 1884 akiwa na miaka 16. Kama mwana wa mfalme alikuwa amewatembelea wamisionari, na wasomaji walitarajia mema kwake. Matarajio hayo hayakudumu. Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa. Mwaka huohuo zilifika habari kutoka pwani kwamba Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi za bara kwa mikataba ya karatasi, na manowari zao zilikuwa zimeelekeza mizinga kwenye kasri la Sultani wa Zanzibar. Wazee wa baraza, wakiongozwa na Katikiro Mukasa (Katikiro ni waziri mkuu), walimkumbusha Mwanga imani ya zamani kwamba watakaoimeza Buganda watatokea mashariki. Na hapo ndipo Askofu James Hannington alipochagua kuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Aliuawa huko Oktoba 29, 1885 kwa amri ya Mwanga.

Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mkuu wa vijana wa kasri, alimlaumu mfalme kwa kifo hicho. Alikuwa pia akiwakinga vijana hao na matakwa ya kimwili ya mfalme. Aliuawa Novemba 15. Mei 1886 hasira ya Mwanga ililipuka tena, na Juni 3 Karoli Lwanga na wengine wengi, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Kwa jumla majina 45 yanakumbukwa, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Wapo wanaomwita Mwanga shujaa aliyeukataa ukoloni mapema, na wapo wanaomwita mwendawazimu. Hofu yake ya wageni ilikuwa na msingi, tena miaka michache tu baadaye ilithibitika. Lakini waliochomwa Namugongo hawakuwa wageni. Walikuwa watoto wa nchi yake waliokulia chini ya dari lake, na hakuna aliyewashika na silaha.

Wasomaji wenye bunduki

Kilichofuata kinashangaza zaidi ya mauaji yenyewe. Wasomaji walionusurika hawakufukuzwa. Mwanga aliwapandisha vyeo. Aliunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki, akawaweka chini yao viongozi wa rika lake, Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana, na akawapa ruhusa ya kunyang'anya mali za machifu wa zamani. Kati yao walikuwemo Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, na Apolo Kagwa, Mwanglikana ambaye mwaka 1886 Mwanga mwenyewe alimpiga akaponea chupuchupu. Nadhani hesabu yake ilikuwa rahisi. Wazee walikuwa wa baba yake, na yeye alitaka watu wake. Alisahau kuwa vijana hawa walikuwa na mabwana wengine waliokutana nao vitabuni, na kwamba walikwishajifunza kukutana, kuamua na kutunza siri bila yeye.

Wakati huohuo aliwachosha raia kwa kazi ya kuchimba ziwa la kifalme karibu na Mengo, ziwa ambalo mpaka leo liko ndani ya jiji la Kampala. Machifu walilazimika kufika na watu wao, na aliyechelewa alitozwa faini. Wazee walichukia kunyang'anywa, na wananchi walichukia kuchimba.

Septemba 1888 habari zilivuja kwamba Mwanga alipanga kuwapakia wasomaji mitumbwini, awapeleke kisiwani na kuwaacha wafe njaa. Walipoitwa ziwani walikataa kupanda. Kisha dini zote tatu ziliungana, zikaingia mji mkuu, naye akakimbia kwa mtumbwi. Kabaka alipinduliwa na kikosi alichokiunda mwenyewe, karibu bila vita.

Walimweka kaka yake Kiwewa, mtoto wa kwanza wa Mutesa, ingawa kwa mila ya Buganda mtoto wa kwanza hapewi kiti. Vyeo viligawanywa baina ya dini. Umoja huo ulidumu mwezi mmoja. Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo, waliokimbilia Nkore. Kiwewa alipokataa kutahiriwa naye aliondolewa, akawekwa Kalema, aliyesilimu na kuitwa Rashid. Kalema aliwaua wana wengi wa ukoo wa kifalme ili asibaki wa kushindana naye. Mshindani mmoja tu hakuweza kumfikia, naye alikuwa ng'ambo ya ziwa.

Magu na Bukumbi

Mwanga alitua Magu, akapokelewa na wafanyabiashara Waarabu waliomnyang'anya alichokuja nacho. Mfalme aliyekuwa akiamua nani ale na nani afe alikuwa sasa mgeni asiye na kitu. Alitoroka, akafika Bukumbi karibu na Mwanza, kwa Mapadri Weupe waliokuwa wamefukuzwa Buganda. Walimpokea. Padri aliyempa chakula alikuwa wa shirika lilelile ambalo waumini wake aliwachoma moto miaka miwili na nusu tu iliyopita, naye akaanza kufundishwa katekisimu.

Wakristo waliokuwa Nkore walihitaji mwana wa mfalme wa kupigania, na aliyebaki hai nje ya mikono ya Kalema alikuwa huyo. Mwaka 1889 walimfuata. Charles Stokes, mfanyabiashara wa Ireland aliyekuwa zamani mmisionari, aliwauzia bunduki na kuwavusha kwa mashua yake. Nyonyintono aliuawa vitani, na Apolo Kagwa akawa Katikiro. Oktoba 1889 waliingia Mengo, wakafukuzwa tena, na Februari 1890 wakarudi moja kwa moja.

Ndipo lilipofanyika jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, ni zito kuliko mikataba yote ya Wazungu iliyofuata. Wakatoliki na Waanglikana walipatana kugawana vyeo nusu kwa nusu, kuanzia masaza hadi ngazi za chini, na chifu atakayebadili dini apoteze cheo chake. Tazama maana yake. Cheo hakikuwa tena zawadi ya Kabaka. Kilikuwa mali ya kundi, na Kabaka aliketi juu yake kama mwenyekiti. Hakuna Mwingereza aliyeliandika patano hilo. Waliliandika Waganda wenyewe kwa kutoaminiana kwao, na mfalme alikubali kwa kuwa bila wao angekuwa bado Bukumbi.

Bendera, Maxim na mfalme wa pande mbili

Mwanga alijaribu kutafuta mzani. Mapema 1890 alitia saini mkataba na Carl Peters wa Ujerumani. Julai mwaka huohuo, mbali kabisa na Mengo, Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya Helgoland na Zanzibar, na Buganda ikaangukia upande wa Uingereza. Desemba alifika Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, akapiga kambi kilima cha Kampala bila kusubiri ruhusa, na siku moja baada ya Krismasi Mwanga akatia saini tena, safari hii shingo upande.

Kufikia wakati huo majina ya makundi yalikuwa yamebadilika. Wakatoliki waliitwa Wafransa na Waanglikana waliitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda, pengine wa baba mmoja. Januari 1892 ugomvi wa bunduki kati ya mtu wa upande huu na mtu wa upande ule uliishia kwa kifo cha Mwanglikana. Mwanga, aliyeegemea Wakatoliki, alihukumu kuwa aliyeua hakuwa na hatia. Lugard hakuikubali hukumu hiyo, akawagawia Waanglikana bunduki. Tarehe 24 Januari vita ilipiganwa Mengo, na bunduki ya rashasha aina ya Maxim ikaamua. Kanisa la Rubaga lilichomwa. Mfalme alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, kisha Buddu, na akapita hadi upande wa Wajerumani huko Bukoba. Wengi walizama ziwani wakijaribu kumfuata.

Waanglikana walikuwa wameshinda vita lakini hawakuwa na Kabaka, na nchi isiyo na Kabaka haikutawalika. Walimbembeleza arudi. Machi 1892 alirudi, na safari hii alijiunga na upande wao. Watu humcheka kwa kubadilika hivyo. Mimi naona mtu aliyebakiwa na kitu kimoja tu cha kuuza, yaani kuwa yeye ndiye Mwanga mwana wa Mutesa, na alikiuza kwa aliyekuwepo sokoni. Wakatoliki walipewa Buddu, Waislamu sehemu ndogo. Mwaka uliofuata, 1893, mjumbe wa serikali ya Uingereza, Gerald Portal, aliwaongezea Wakatoliki maeneo na kuweka Makatikiro wawili, Kagwa kwa Waanglikana na Stanislaus Mugwanya kwa Wakatoliki. Mwaka 1894 nchi ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Uasi wa 1897

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kudharauliwa polepole. Machifu walitoa maamuzi kisha wakamletea Kabaka ayathibitishe. Kodi zilipitia kwao. Alitozwa faini kwa kupitisha pembe za ndovu kinyume cha sheria za Waingereza, naye ndiye ambaye baba yake alimiliki kila pembe iliyotoka Buganda.

Julai 1897 alitoroka Mengo usiku, akavuka ziwa hadi Buddu na kutangaza vita. Waliomfuata walikuwa mchanganyiko ambao mapatano ya 1890 hayakuutarajia. Gabriel Kintu, Mkatoliki na mkuu wa askari, alikuwa jemadari wake. Wapagani walikuja, Waislamu walikuja, na pia vijana waliokosa vyeo. Walioneemeka na mgawanyo wa dini, akina Kagwa na Mugwanya, walibaki na Waingereza. Kwa mara ya kwanza tangu 1888 mstari haukupita kati ya misikiti na makanisa. Ulipita kati ya wenye vyeo na wasio navyo.

Alishindwa ndani ya wiki mbili. Alikimbilia tena upande wa Wajerumani, akazuiliwa Mwanza, mji ambao miaka minane nyuma alikuwa ameupita kama mkimbizi. Agosti 1897 Kagwa na wenzake walimvua ufalme na kumtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Watawala halisi walikuwa walezi watatu: Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waanglikana, na Mugwanya, Mkatoliki.

Mwanga alitoroka Mwanza, akapigana tena Buddu, akashindwa, akaenda kaskazini kuungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro na adui wa baba zake. Walikamatwa pamoja huko Lango Aprili 9, 1899. Walipelekwa Kismayu, kisha visiwa vya Shelisheli. Huko Mwanga alibatizwa katika kanisa la Kianglikana kwa jina la Danieli. Alikufa Mei 8, 1903, akiwa na miaka 35 hivi.

Mkataba aliokuwa hausomi

Akiwa bado uhamishoni, Machi 10, 1900, Harry Johnston na walezi watatu walitia saini Mkataba wa Uganda. Ndani yake Kabaka alitambuliwa, akapewa heshima ya mizinga 9 na posho ya pauni 1,500 kwa mwaka atakapofikia umri wa utu uzima. Baraza la Lukiko liliwekewa idadi: mawaziri 3, machifu wa masaza 20, wajumbe 3 kutoka kila saza, na watu 6 ambao Kabaka angewachagua mwenyewe. Sita kati ya 89. Chifu wa saza hakuweza kuteuliwa bila kibali cha serikali ya Uingereza, na hukumu ya kifo haikuweza kutekelezwa bila kibali hichohicho. Ardhi iligawanywa kwa maili za mraba, 350 zikiwa za Kabaka, na machifu wapatao elfu moja walipata milki za kudumu ambazo hakuna mfalme angeweza kuwapokonya kesho yake.

Vyeo vya mawaziri navyo vilifuata mstari wa 1890. Katikiro alikuwa Mwanglikana, mkuu wa sheria Mkatoliki, na mweka hazina Mwanglikana. Waislamu walibaki na saza la Butambala. Mgao huo uliendelea kwa zaidi ya nusu karne, na vyama vya siasa vilipoanzishwa Uganda miaka ya 1950 na 1960 watu walijua bila kuambiwa kipi ni cha Wakatoliki na kipi ni cha Waanglikana.

Mabaki ya Mwanga yalirudishwa nyumbani Agosti 1910. Desturi ilitaka kila Kabaka awe na kaburi lake mahali pake, lakini yeye alilazwa Kasubi, ndani ya nyumba ileile ya nyasi alimozikwa Mutesa. Daudi Chwa alikuwa anakaribia miaka 14. Alichukuliwa kiti cha baba yake kabla hajajua kutembea vizuri, na angengoja miaka mingine minne kabla ya kukabidhiwa madaraka yake, yale yaliyosalia. Apolo Kagwa, kijana aliyepigwa kasrini mwaka 1886, alikuwa bado Katikiro.